Koha, SLiMS, TinyCat au jedwali la Google: ulinganisho kwa mkutubi wa maktaba ndogo Dar es Salaam

Mkutubi aliyejifunza kazi kwa kadi za katalogi na daftari la kupokelea vitabu, kisha akaambiwa na mkuu wake kwamba mwaka huu maktaba lazima iingie kwenye kompyuta, kwa kawaida hutakiwa kuchagua programu kabla hajapata nafasi ya kujua programu hizo zinatofautiana wapi. Wenzake humtajia ile wanayoitumia wao, na fundi wa kompyuta akiulizwa hupendekeza ile aliyowahi kuisimika mahali pengine. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mkutubi wa aina hiyo aliyeko Dar es Salaam: anasimamia maktaba ya shule ya sekondari, ya chuo cha kati, ya taasisi au ya kanisa na msikiti, ana vitabu kati ya elfu mbili na elfu kumi, na yuko peke yake au ana msaidizi mmoja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozinduliwa Novemba 2018, yenye uwezo wa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, haiwezi kuwa kipimo chake, ingawa mara nyingi ndiyo anayotajiwa.

Zana ninazozilinganisha ni nne. Jedwali la Google halihitaji utambulisho mrefu, kwa kuwa karibu kila ofisi imeshalitumia kwa orodha za mahudhurio na michango. TinyCat ni huduma ya kampuni ya Marekani ya LibraryThing, iliyotengenezwa kwa maktaba zisizozidi vitu 20,000, na taasisi huilipia kulingana na wingi wa vitu vyake. SLiMS ilianzia Jakarta, katika maktaba ya wizara ya elimu ya Indonesia, ikatolewa kwa umma mwaka 2007. Koha ndiyo kongwe kati ya programu huria za maktaba: iliandikwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani ulihofiwa kushindwa kuvuka mwaka 2000, na ikaanza kazi Januari ya mwaka huohuo. SLiMS na Koha hazina ada ya leseni. Anayesikia hivyo na kudhani kwamba ni za bure asubiri afike kwenye habari ya umeme, seva na mtu wa kuzitunza.

Kitabu kimoja, nakala sitini

Jambo la kwanza la kuitazamia programu yoyote ya maktaba ni namna inavyotenganisha kitabu na nakala zake. Shule ya sekondari yaweza kuwa na kitabu kimoja cha kiada cha Biolojia kwa nakala sitini, ambazo kumi ziko kwa walimu, thelathini ziko madarasani, kadhaa zimechanika na nyingine hazijulikani zilipo tangu kidato cha nne kilichopita kihitimu. Katika Koha na katika SLiMS, kitabu huelezwa mara moja tu, yaani jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka, halafu chini ya maelezo hayo huwekwa nakala sitini, kila moja ikiwa na namba yake, mahali pake na hali yake. Msomaji akiazima, kinachosajiliwa ni nakala ile aliyoishika mkononi.

Jedwali halina utengano huo. Mkutubi akiweka mstari mmoja kwa kila kitabu na kuandika "60" kwenye safu ya idadi, hataweza kujua nakala namba 34 iko kwa nani. Akiweka mstari mmoja kwa kila nakala, atanakili maelezo yaleyale mara sitini, na kabla ya mwaka kuisha kitabu kimoja kitakuwa kimeandikwa kwa namna tatu au nne tofauti, kwa hiyo kukitafuta kutaleta sehemu tu ya nakala zilizopo. Wapo wanaotengeneza majedwali mawili, moja la vitabu na jingine la nakala, wakayaunganisha kwa fomula. Hilo linawezekana, lakini hapo mkutubi ameacha ukutubi na kuanza kutengeneza programu, na siku akihamishwa hakuna atakayeielewa.

Tofauti hiyohiyo inaonekana kwenye kuazimisha. Koha hutaka kanuni ziandikwe kwa kukutanisha aina ya msomaji na aina ya kitu: mwalimu aruhusiwe kukaa na kitabu mwezi mzima, mwanafunzi wiki mbili, kamusi na atlasi zisitoke kabisa. Kanuni zikishawekwa, tarehe ya kurudisha hujitokeza yenyewe, na anayedaiwa vitabu huzuiwa bila mkutubi kulazimika kubishana naye mezani. SLiMS hufanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi na kwa uchaguzi mchache zaidi, jambo ambalo kwa shule ni faida. TinyCat nayo ina kuazimisha na kurudisha, japo kwa kiwango kinachofaa zaidi maktaba ya taasisi yenye wasomaji wachache wanaofahamiana. Jedwali litakubali chochote unachoandika, hata kama nakala hiyohiyo imeshaandikwa kwa mtu mwingine jana yake.

Pamoja na hayo, jedwali lina kazi moja ambayo hakuna zana nyingine inayoifanya vizuri kuliko hilo, nayo ni kuhesabu vitabu mara ya kwanza. Maktaba ambayo haijawahi kuwa na katalogi ya kompyuta inahitaji watu watembee kati ya rafu na kuandika kilichopo, na kwa kazi hiyo simu mbili zenye jedwali moja zinatosha. Sharti ni kwamba safu zipangwe tangu mwanzo kwa kufikiria zitahamia wapi: ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu) katika safu yake, mwandishi katika safu yake, jina la kitabu, mchapishaji, mahali pa uchapaji, mwaka, namba ya Dewey inayopanga vitabu kwa mada na namba ya nakala, kila kimoja peke yake. Safu ya ISBN ifanywe ya maandishi na isiwe ya tarakimu, kwa sababu jedwali hufuta sifuri ya mwanzo katika ISBN za zamani za tarakimu kumi, na Excel huweza kuigeuza ISBN ya tarakimu kumi na tatu kuwa namba fupi yenye herufi E katikati, ambayo ikihifadhiwa hivyo haitengenezeki tena. Jedwali lililopangwa vizuri hugeuzwa kuwa rekodi za MARC, muundo wa kimataifa wa rekodi za katalogi ambao kila sehemu yake ina namba, kwa kutumia MarcEdit, programu isiyolipiwa iliyoandikwa na Terry Reese, kisha likapakiwa katika Koha kwa mkupuo mmoja. Maktaba zilizokuwa na CDS/ISIS, programu ya zamani ya katalogi ya UNESCO, nazo zisianze upya. Rekodi zake hutoka kwa ISO 2709, muundo wa faili wa kubadilishana rekodi za maktaba, na hizo pia hupita kwenye MarcEdit.

Rekodi za vitabu vya Kiswahili zinatoka wapi

Hili ndilo eneo ambalo, kwa maoni yangu, wakutubi wengi hulipuuza wanapochagua, na ndilo linaloamua kama kazi itaisha mwaka huu au haitaisha kabisa. Kuandika rekodi ya kitabu kimoja kutoka mwanzo, kwa mtu makini, si kazi ya dakika mbili. Koha hupunguza mzigo huo kwa njia ya Z39.50: mkutubi huandika ISBN au jina la kitabu, Koha huuliza katalogi za maktaba nyingine duniani, na rekodi iliyokamilika huletwa ili irekebishwe na kuhifadhiwa. SLiMS inayo njia hiyo pia, na TinyCat imejengwa juu yake, maana LibraryThing huchota rekodi kutoka maktaba nyingi.

Wengi hudhani kwamba njia hiyo ni kwa vitabu vya Kiingereza tu. Sivyo. Library of Congress ya Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi za jirani, kwa hiyo idadi kubwa ya riwaya, diwani na vitabu vya historia vilivyochapishwa Dar es Salaam imo katika katalogi yake. Kitabu ambacho ISBN yake inaanza na 978-9976 au 978-9987, namba zilizotengwa kwa wachapishaji wa Tanzania, kinastahili kutafutwa huko kwanza kabla ya kuandikwa kwa mkono. Vya miaka ya 1960, visivyo na ISBN, hutafutwa kwa jina, na mara nyingi vipo. Visivyopatikana ni vijitabu vya mashirika, ripoti za semina, na vitabu vilivyochapwa kwa fedha za mwandishi mwenyewe katika viwanda vidogo vya hapa mjini. Hivyo ndivyo mkutubi anapaswa kuvipa muda wake.

Rekodi zikifika, huja na tatizo la lugha. Vichwa vya mada vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta "uvuvi" au "ndoa" katika katalogi hatapata kitabu kinachozungumzia hasa jambo hilo, iwapo neno lenyewe halimo kwenye jina la kitabu. Koha inaruhusu kuongezwa maneno huru katika sehemu ya 653 ya rekodi ya MARC, na mkutubi anayeandika hapo maneno mawili au matatu ya Kiswahili kwa kila kitabu anawafanyia wasomaji wake kazi ambayo hakuna maktaba ya ng'ambo itakayowafanyia. Katika SLiMS, mkutubi hujitengenezea orodha ya mada kwa lugha anayotaka. Katika TinyCat kuna vibandiko vya maneno ambavyo ni rahisi kuliko vyote, ingawa kwa kukosa udhibiti "mashairi" na "ushairi" hugeuka kuwa mada mbili. Kuhusu fasihi ya Kiswahili, namba ya Dewey inayokuja na rekodi huwa ni 896.392, na anayetaka rafu zake zisomeke azingatie tarakimu inayofuata: 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Programu zote nne hupokea namba hiyo bila tofauti.

Umeme, waya wa baharini na mahali pa kuweka seva

Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini kwa muda, na kila huduma iliyotegemea seva za ng'ambo ilisimama au ikaenda kwa kusuasua. Maktaba iliyokuwa kwenye TinyCat haingeweza kuazimisha kwa saa kama hizo. Jedwali la Google lingeendelea kufunguka kwa yule tu aliyekuwa ameruhusu mapema litumike bila mtandao. Koha au SLiMS iliyosimikwa kwenye kompyuta iliyomo ndani ya maktaba ingeendelea kufanya kazi, kwa sababu kivinjari cha mezani kwa mkutubi huongea na seva kupitia mtandao wa ndani.

Kwa upande mwingine, seva ya ndani inategemea umeme wa ndani. Koha hukaa kwenye mfumo endeshi wa Linux, kwa kawaida Debian au Ubuntu, na hifadhidata yake haipendi kuzimwa ghafla, kwa hiyo seva bila UPS (betri ya akiba), katika mtaa ambao umeme hukatika na kurudi mara mbili kabla ya saa sita mchana, ni kualika hasara. SLiMS hutumia PHP na MySQL na hukubali kusimikwa hata kwenye Windows, na hapo ndipo inapoipita Koha kwa maktaba ya mtu mmoja: inaweza kukaa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, ambayo betri yake yenyewe ni kinga ya kutosha hadi umeme urudi, na mkutubi anaweza kuizima jioni na kuifungia kabatini.

Njia ya tatu ni kukodi seva kwa mtoa huduma na kuweka Koha huko. Inafaa taasisi yenye matawi, tuseme moja Posta na jingine Mbagala, kwa kuwa Koha inajua kutenganisha matawi na kuhamisha nakala kutoka moja kwenda jingine, jambo ambalo SLiMS haikuzaliwa kwa ajili yake. Gharama ya mwezi hulipwa kwa bajeti, na bajeti ikichelewa huduma huzimwa. Mhasibu aelezwe hilo kabla ya kusaini.

Zana ipi inajifunzika

Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, aliandaa mpango uliokuja kujulikana kama 23 Things, ambao wakutubi walijifunza zana za mtandao kwa kuzigusa wenyewe, moja baada ya nyingine, badala ya kukaa darasani. Mpango huo uliigwa na maktaba nyingi katika nchi mbalimbali, na zana zenyewe zimeshachakaa, lakini utaratibu wake unatupa kipimo kizuri: je, programu hii inampa mkutubi mahali pa kufanya mazoezi bila kuharibu kitu? Jedwali linampa, kwa kunakili faili. SLiMS inampa, kwa kuisimika kwenye kompyuta yake binafsi nyumbani. Koha inampa kupitia tovuti za majaribio zilizo wazi kwa yeyote, ingawa ni heri kusimika nakala ya pili ya kujifunzia. TinyCat hujifunzika kwa haraka kiasi kwamba mazoezi hayawi hoja.

Ugumu wa Koha ni wa kweli na usifichwe. Ukurasa wake wa kuandikia rekodi, kama ulivyo siku ya kwanza, una vichupo vilivyojaa namba za MARC ambazo hata aliyesoma Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi, hazitumii zote. Dawa yake ipo ndani ya programu yenyewe: Koha huruhusu kutengeneza kiolezo chenye sehemu chache tu zinazohitajika, mathalani 020 ya ISBN, 100 ya mwandishi, 245 ya jina la kitabu, 264 ya uchapishaji, 082 ya Dewey na 653 ya maneno huru, na kuzificha nyingine. Mkutubi aliyetengenezewa kiolezo cha namna hiyo hujifunza kwa utulivu, na sehemu nyingine huongezwa kadiri anavyozihitaji. Nashauri kiolezo hicho kiwe sharti katika makubaliano na fundi anayesimika, kwa maana wengi wao husimika, huonyesha kwamba inafunguka, na kuondoka.

SLiMS ina fomu moja inayoeleweka kwa kuitazama, lakini miongozo yake mingi imeandikwa kwa Kiindonesia, na mtu anayekwama hana jirani wa kumuuliza. Koha, kinyume chake, inatumiwa sana na vyuo barani Afrika, mwongozo wake wa Kiingereza ni mpana na unasasishwa, na mkutubi wa Dar es Salaam hatakosa mwenzake wa kumpigia simu. Lipo pia jambo la masilahi ya mkutubi mwenyewe, ambalo waajiri hawapendi kulisikia: ujuzi wa Koha na MARC anaweza kuondoka nao na kuutumia katika kazi nyingine, ilhali ujuzi wa jedwali alilolipanga mwenyewe unabaki palepale alipoliacha.

Taarifa za wasomaji

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu pia mkutubi, kwa kuwa orodha ya wanafunzi, namba za simu za wazazi na kumbukumbu ya nani alisoma nini ni taarifa binafsi. Sheria hiyo inagusa hata usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi, hivyo TinyCat na jedwali la Google, ambavyo seva zake ziko ng'ambo, vinahitaji ushauri wa mwanasheria wa taasisi kabla ya kuingiza majina ya watoto. Koha na SLiMS zikikaa kwenye kompyuta ya maktaba, swali hilo la mipaka halizuki, ila wajibu wa kulinda neno la siri unabaki. Jedwali ndilo dhaifu kuliko zote hapa: kiungo kimoja kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu kinatosha kuanika orodha nzima.

Uamuzi kwa kila aina ya maktaba

Shule ya sekondari yenye mkutubi mmoja, bila mtu wa TEHAMA, na yenye vitabu vingi vya kiada ningeipa SLiMS kwenye kompyuta moja iliyotengwa kwa kazi hiyo. Chuo cha kati, au taasisi inayotarajia kukua na ambayo ina japo fundi mmoja wa kompyuta wa kuajiriwa, kianze na Koha moja kwa moja hata kama miezi ya kwanza itakuwa migumu, kwa sababu kuhama kutoka SLiMS baadaye kutahitaji rekodi zisafishwe na kupangwa upya. Ofisi ya utafiti au jumuiya yenye vitabu vichache, vingi vya Kiingereza, intaneti ya uhakika na uwezo wa kulipa kwa kadi ya benki ya kimataifa, itaridhika na TinyCat. Jedwali libaki kuwa daraja la kupitisha hesabu ya kwanza ya vitabu, na lisipewe kazi ya kuazimisha.

Kabla ya kukata shauri, mkutubi achague vitabu hamsini vinavyofanana na maktaba yake halisi, yaani vya kiada vyenye nakala nyingi, riwaya za Kiswahili, ripoti zisizo na ISBN na kitabu kimoja chenye waandishi wanne, aviingize katika programu anayoielekea, kisha azitoe rekodi hizo zote kwenye faili na kulifungua faili hilo katika programu nyingine. Yale yatakayokuwa yamepotea njiani, kama vile mwandishi wa pili, namba za nakala au maneno ya mada, ndiyo yatakayopotea siku atakapohama akiwa na vitabu elfu nane. Programu ikivuka jaribio hilo, makubaliano na fundi yataje kwa maandishi kwamba neno la siri la msimamizi linakabidhiwa kwa taasisi siku ya kusimika, na kwamba nakala ya akiba ya hifadhidata inatolewa kila wiki na kuwekwa kwenye diski inayotunzwa nje ya chumba cha seva.